Tatuu za Zamani na Mafundi Wake wa Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mchonga vinyago akifa, kinyago chake hubaki. Kazi ya fundi wa tatuu huzikwa pamoja na mteja. Ndiyo maana historia ya tatuu za zamani ina mapengo mengi na uzushi mwingi. Tunachokijua kimetokana na karatasi zilizosalia: hataza (hati za serikali zinazolinda haki ya mbunifu), matangazo ya magazetini, picha, vitabu vya anwani za miji, na michoro iliyotundikwa madukani. Majibu yafuatayo yanafuata karatasi hizo. Kipindi kinachohusika zaidi ni miaka ya 1870 hadi 1970, katika miji ya bandari ya Marekani, Uingereza na Japani, kwa kuwa mtindo unaoitwa leo wa kizamani ulizaliwa huko. Karibu na mwisho kuna jibu kuhusu nembo za Wamakonde, maana swali hilo haliachi kuulizwa.

Tatuu ya kizamani ni ipi hasa?

Ni ile yenye mstari mzito mweusi, kivuli kizito cheusi, na rangi chache zisizochanganywa sana: nyekundu, kijani, manjano, hudhurungi. Picha zake zinajirudia: nanga, mbayuwayu, waridi, moyo uliochomwa jambia, tai, fuvu, meli ya matanga, mwanamke, utepe wenye jina la mama. Mtu anaweza kuchorwa leo asubuhi na bado tatuu yake ikaitwa ya kizamani, kwa sababu jina hilo linataja mtindo, si umri.

Neno lenyewe limetoka wapi? Ni kweli Kapteni Cook ndiye aliyeipeleka tatuu Ulaya?

Neno limetoka Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, ambako watu husema *tatau*. Meli ya James Cook, Endeavour, ilifika huko Aprili 1769, na Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwemo, aliandika kwa kirefu namna watu walivyotiwa alama. Fundi alichovya chanuo dogo lenye meno makali katika rangi nyeusi, akaliweka juu ya ngozi, akaligonga kwa kijiti. Baadhi ya watu wa meli walichorwa hukohuko, akiwemo msanii wa safari, Sydney Parkinson.

Cook aliwapa Wazungu neno hilo, lakini sanaa ilikuwapo kwao kabla yake. Mwaka 1612 msafiri wa Kiskoti, William Lithgow, alichorwa Jerusalem, kama walivyofanya mahujaji wengi wa Kikristo. Mpaka leo ukoo wa Razzouk, Wakopti wenye asili ya Misri, bado unachora mahujaji katika mji huo, na una mihuri ya mbao ya kupigia chapa ya mchoro kwenye ngozi kabla ya sindano kupita.

Tukirudi nyuma zaidi, maiti iliyogunduliwa ndani ya barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, yenye umri wa miaka kama 5,300, ina alama 61 mwilini. Afrika nayo haiko nyuma. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba maiti ya mwanamume kutoka Gebelein, Misri, inayokaribia umri huohuo, ina picha za fahali na kondoo mwitu begani. Hizo si mistari tu, ni picha kamili za wanyama.

Nani alikuwa fundi wa kwanza kuwa na mahali pake pa kazi?

Kwa Marekani, jina la kwanza lenye ushahidi wa kutosha ni Martin Hildebrandt, mhamiaji kutoka Ujerumani. Alijifunza akiwa baharia, akachora askari wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, na katika miaka ya 1870 alikuwa akipokea wateja Oak Street, New York. Utakutana na mwaka 1846 ukitajwa kuwa ndio aliofungua duka. Usiupokee: wakati huo bado alikuwa baharini. Alifariki 1890.

Kabla yake kazi hii ilifanywa na mabaharia wenyewe, juu ya sitaha, kwa sindano kadhaa zilizofungwa kwenye kijiti na wino au baruti.

Mashine ya umeme ilibuniwa na nani?

Hataza ya kwanza ya mashine ya tatuu Marekani ni ya Samuel O'Reilly wa New York, namba 464,801, ya tarehe 8 Desemba 1891. O'Reilly hakuanza na karatasi tupu. Alitumia wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison, iliyopata hataza mwaka 1876. Kalamu ile ilikuwa kifaa cha ofisi: sindano yake ilitoboa karatasi matundu madogo madogo ili wino upitishwe na kutoa nakala nyingi. O'Reilly aliona kwamba kinachotoboa karatasi kinaweza kutoboa ngozi. (Edison mwenyewe alikuwa na nukta tano kwenye mkono wa kushoto. Tunajua hilo kwa sababu ya hati ya bima ya mwaka 1911. Karatasi tena!)

Mwaka 1904 Charlie Wagner, naye wa New York, alipata hataza ya mashine inayotumia koili, yaani sumaku za umeme zinazovuta na kuachia chuma kwa kasi, kama kengele ya mlangoni inavyofanya. Mashine nyingi za koili zilizokuja baadaye ni wajukuu wa wazo hilo. Wagner alifanya kazi Chatham Square namba 11, mtaa wa Bowery, ndani ya duka la kinyozi. Mteja aliweza kunyolewa mbele, kisha akaenda nyuma kuchorwa tai kifuani.

Athari ya mashine ilikuwa kubwa. Kazi iliyochukua siku nzima kwa mkono ilimalizika kwa saa chache, bei ikashuka, na wateja wakaongezeka. Ndipo tatuu ilipoweza kuwa biashara ya kulisha familia.

Zile karatasi za michoro ukutani zilianzaje?

Huitwa flashi. Fundi wa bandarini alipokea mabaharia walioshuka na mshahara mfukoni na saa chache za mapumziko, hakuwa na nafasi ya kukaa na kila mmoja akimbunia mchoro. Akatundika karatasi zilizojaa picha zenye namba au bei, mteja akanyoosha kidole, kazi ikaanza.

Mchoro ulichongwa kwenye bamba jembamba la selulodi, aina ya plastiki ya zamani. Fundi alipaka vaselini kwenye ngozi, akajaza unga wa mkaa kwenye mistari ya bamba, akalikandamiza, na alama ikabaki ikimngoja. Stenseli hizo zilidumu miaka mingi zikipita mkono hadi mkono.

Lew Alberts, mwenzake Wagner pale New York, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuzisambaza flashi nzuri mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye Percy Waters wa Detroit aliuza kwa njia ya posta mashine, rangi na michoro, na mwaka 1929 akapata hataza ya mashine yake. Hivyo ndivyo waridi moja lilivyoweza kuonekana kwenye mikono ya watu wa miji kumi ambao hawajawahi kuonana. Mafundi walinakiliana bila kuomba ruhusa, kwa hiyo kusema kwa uhakika kwamba mchoro fulani ulibuniwa na fulani ni jambo gumu. Anayekuuzia "flashi ya asili" bila historia ya mikono iliyopitia, muulize maswali mengi.

Alama za mabaharia zilikuwa na maana gani?

Hapa kuna utamu wake, na pia kuna chumvi nyingi. Maana zinazotajwa zaidi ni hizi: mbayuwayu ni kwa aliyesafiri maili 5,000 za baharini, nanga kwa aliyevuka Atlantiki, meli yenye matanga yote kwa aliyezunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika, kasa kwa aliyevuka ikweta. Nguruwe mguu mmoja na jogoo mguu wa pili vilikuwa kinga ya kutozama. Wapo waliochora herufi nane kwenye vidole vya mikono miwili, HOLD FAST, ili kamba isiwaponyoke juu ya mlingoti.

Si kila mwenye mbayuwayu alikuwa amehesabu maili zake. Wengine walimchagua kwa sababu alikuwa mzuri na bei yake ilimudika.

Mimi huvutiwa zaidi na matumizi mengine ambayo hayasimuliwi sana. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likiwakamata mabaharia kwa nguvu na kuwatumikisha, likidai ni raia wake. Kuanzia 1796 Marekani ikatoa hati za kuwatambulisha mabaharia wake. Kwa kuwa picha hazikuwepo, karani aliandika kimo, rangi ya macho, makovu na tatuu. Herufi za jina na nanga kwenye mkono zikawa ushahidi wa mtu kuwa ni yeye, na kwa baharia mweusi aliye huru hati hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, maana ilitaja uraia wake kwa maandishi. Hati hizo zimekuwa hazina kwa wanahistoria, kwani zimeorodhesha tatuu za watu wa kawaida ambao hakuna aliyewachora picha.

Je, wafalme nao walichorwa?

Ndiyo, na hilo liliipa biashara heshima iliyokuwa haina. Mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alichorwa msalaba Jerusalem mwaka 1862. Mwanawe George, baadaye George V, alichorwa joka Japani mwaka 1881 akiwa kijana wa jeshi la majini. Frederick IX wa Denmark, aliyetawala hadi 1972, alikuwa na tatuu kifuani na mikononi, na alipigwa picha bila kuzificha.

London ilishika wimbi hilo. Sutherland Macdonald, mwanajeshi wa zamani, alipokea matajiri ndani ya bafu la Kituruki la Jermyn Street tangu mwisho wa miaka ya 1880, na mwaka 1894 akapata hataza yake ya mashine ya umeme. George Burchett, mzaliwa wa Brighton mwaka 1872, alichora mabaharia na mabwana wakubwa kwa miongo mingi mpaka kifo chake mwaka 1953. Huyo ndiye aliyemfunika Horace Ridler, afisa wa zamani wa jeshi, kwa mistari mipana myeusi mwili mzima hadi usoni kama punda milia, kazi iliyoanza 1934, ili Ridler apate riziki kwenye maonyesho kwa jina la Great Omi.

Japani inaingia wapi?

Kila mahali. Mwaka 1827 Utagawa Kuniyoshi alianza kuchapisha picha za mashujaa wa hadithi ya Kichina wakiwa na miili iliyojaa tatuu, na watu wa Edo, yaani Tokyo ya leo, hasa mafundi, wachukuzi na wazima moto, wakataka kufanana nao. Mjapani hakuona mkono kama mahali pa kubandika picha moja moja. Mgongo mzima ulikuwa uwanja mmoja, wenye mawimbi na upepo vinavyounganisha kila kitu.

Serikali ya Meiji ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, ikiogopa kudharauliwa na wageni. Wageni haohao ndio waliokuwa wakipanga foleni kwa mafundi wa bandarini kama Hori Chiyo wa Yokohama. Marufuku iliondolewa 1948.

Wanawake walikuwa wapi katika historia hii?

Walikuwa mbele kabisa, ila wengi walitangulia kama maonyesho kabla ya kushika sindano. Mwaka 1882 Nora Hildebrandt alionyeshwa New York akiwa amefunikwa tatuu. Hadithi iliyouzwa pamoja na tiketi ilisema kwamba yeye na baba yake walitekwa na watu wa Sitting Bull, kiongozi wa wenyeji wa Marekani, na baba akalazimishwa kumchora kila siku kwa mwaka mzima, michoro 365. Uongo mtupu. Aliyemchora ni Martin Hildebrandt tuliyemtaja, ambaye alikuwa mwenzi wake, si baba yake. Uongo huo haukuwa mdogo pia, kwa sababu uliwapakazia wenyeji wa Marekani ukatili ambao hawakuutenda, katika miaka ileile walipokuwa wakinyang'anywa ardhi. Mwaka huohuo Irene Woodward alipanda jukwaani na hadithi yake ya kubuni.

Maud Wagner ni habari nyingine. Alizaliwa Kansas mwaka 1877, akafanya kazi ya sarakasi, na mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, akakutana na Gus Wagner, baharia wa zamani aliyechora kwa mkono bila mashine. Inasimuliwa kwamba alikubali kutoka naye kwa sharti moja: amfundishe kazi. Walioana, na Maud anatambuliwa kuwa fundi wa kwanza mwanamke anayejulikana Marekani. Picha yake ya mwaka 1907 hivi, akiwa na simba na mitende kifuani, huzunguka sana mtandaoni bila jina lake. Mtajeni jina.

Binti yao, Lotteva, alianza kuchora akiwa na miaka tisa. Mwilini mwake hakuwa na tatuu hata moja, kwa sababu mama alimkataza baba kumchora, na baba alipokufa binti hakutaka mkono mwingine.

Uingereza ilikuwa na Jessie Knight, aliyezaliwa 1904 katika familia ya sarakasi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na minane hivi, na mwaka 1955 akashika nafasi ya pili katika mashindano ya mafundi wa nchi nzima, akiwa mwanamke kati ya wanaume.

Kwa nini mistari ya zamani ni minene hivyo?

Kwa sababu mafundi wale waliijua ngozi. Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, chini ya lile linalobanduka kila mara. Seli za kinga humeza chembe za rangi, zikifa nyingine huzimeza tena, na kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mstari hutanuka na kingo zake hulegea. Jua humaliza rangi hafifu. Mistari miembamba iliyosongamana hugeuka doa. Mstari mnene wenye nafasi ya kutosha kandoni bado husomeka baada ya miaka arobaini, na mteja wa bandarini alikuwa anarudi kwenye jua na chumvi kesho yake.

Ni kweli walitumia sindano moja kwa watu wengi?

Kweli, na tusiipambe. Ndoo moja ya maji, sponji moja, rangi moja, sindano zilezile kuanzia asubuhi hadi usiku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Charlie Wagner alifikishwa mahakamani kwa kutosafisha sindano. Alijitetea kwamba ana shughuli nyingi za kulisaidia taifa: tangu waraka wa 1909, jeshi la majini liliwakataa vijana wenye michoro ya aibu, hivyo walimjia awachoree nguo wanawake wa uchi waliokuwa wamechorwa mikononi mwao. Hakimu alimtoza dola 10 na kumwambia asafishe sindano.

Watu waliugua kweli. Norfolk, Virginia, mji wa wanamaji, ulipiga marufuku tatuu mwaka 1950. New York City ilifuata 1961, ikitaja homa ya ini aina ya B, na haikuiruhusu tena mpaka 1997.

Sailor Jerry alikuwa mtu wa kweli?

Alikuwa. Jina lake Norman Collins, mzaliwa wa Reno, Nevada, mwaka 1911. Alijifunza kwanza kwa mkono, kisha mashine huko Chicago, akaja kuweka makazi Honolulu, karibu na Hotel Street, ambako wakati wa vita wanamaji walijaa kupita kiasi. Aliandikiana barua na mafundi wa Japani, hasa Horihide, akachukua kwao upepo na mawimbi na kuvitia ndani ya mstari mzito wa Kimarekani. Alitafuta rangi mpya, zambarau ikiwemo, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchemshia vifaa kwa mvuke wa shinikizo na kutumia sindano mpya kwa kila mteja.

Alifariki 1973. Aliacha agizo kwamba duka lichukuliwe na mmoja wa wanafunzi wake watatu, la sivyo kila kitu kichomwe moto. Mike Malone, mmoja wao, alilinunua. Kama asingefika, sehemu kubwa ya michoro hiyo tungeisikia kwa hadithi tu.

Je, nembo na chale za kwetu ni sehemu ya historia hii?

Zina historia yake zenyewe, ambayo haikungoja mabaharia. Chale nyingi ni makovu: ngozi huchanjwa ikainuka bila rangi. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji walifanya zaidi ya hapo. Fundi, ambaye wao humwita *mpundi*, alichanja mistari na pembe usoni na mwilini kwa kisu kidogo kiitwacho *chipopo*, kisha akasugua masizi yanayotokana na mbarika mpaka alama ikawa ya samawati iliyokolea. Hiyo ni tatuu kwa maana kamili. Waliita *dinembo*, na Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo: nembo tunayoiona leo kwenye barua ya ofisi ilikuwa alama ya ngozi kwanza.

Tangu miaka ya vita vya ukombozi vya Msumbiji desturi hiyo ilipungua sana. Majina ya mafundi hao hayamo kwenye hataza wala vitabu vya anwani. Kazi yao ilisalia kwa njia nyingine: wachongaji wa barakoa za mapiko waliziweka nembo hizo usoni mwa barakoa, mara nyingi kwa vipande vya nta ya nyuki.

Na hina na piko?

Hizo hupakwa juu ya ngozi na hutoka zenyewe baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo si tatuu. (Piko ya harusini usiichanganye na barakoa za mapiko.) Kuwa mwangalifu na piko nyeusi: nyingi ni dawa ya nywele, na huunguza ngozi za baadhi ya watu.

Nikitaka kuona kazi zao kwa macho yangu, niende wapi?

Mariners' Museum ya Newport News, Virginia, ilinunua flashi na vifaa vya fundi Cap Coleman wa Norfolk mwaka 1936, wakati ambapo hakuna makumbusho mengine yaliyojali. Makumbusho ya historia ya Hamburg yana urithi wa Christian Warlich, aliyechora mabaharia ndani ya baa yake huko St. Pauli, mtaa wa bandarini, mpaka 1964. Mkusanyo wa Jessie Knight uko katika makumbusho ya taifa ya Wales.

Ngozi zenyewe nazo zipo. Mwaka 1929 wakala wa Henry Wellcome, tajiri wa dawa aliyekusanya vitu vya kale, alinunua Paris vipande takriban 300 vya ngozi za watu zenye tatuu, ambavyo sasa viko chini ya Science Museum ya London. Kuna wanawake, maua, majambia, tarehe, majina ya wapenzi. Wino bado ni mweusi.